Mjenzi wa Sauna na Mfuko Usioshika

Mara ya kwanza Reijo Kärkkäinen kufika kwa Oiva Pulkka, alimkuta mzee amejishika kiuno, anatembea kama anayekanyaga miiba. Reijo alikuwa akinunua sauna za magogo, vile vibanda vya kuogea mvuke, huko mkoani Kainuu na kuwauzia watu wa kusini wenye nyumba za mapumziko kando ya maziwa. Alianza na gari bovu na msumeno wa kuazima, na hakupenda kuchezewa.

"Mgongo, bwana," Oiva alimwambia. "Sauna hii imenila mgongo. Kwa bei yako hiyo hata dawa ya kuchua sipati."

Reijo akaongeza kidogo. Jumamosi ileile, kwenye dansi ya katikati ya kiangazi, akamwona mzee yuleyule anamzungusha mjane wa jirani, mgongo umenyooka kama mlingoti.

"Umepona lini?"

"Uliponilipa," Oiva akajibu, wala hakukosea hatua.

Tangu hapo, kwa miaka kumi na sita, Reijo aliyahesabu maradhi ya Oiva kuwa sehemu ya bei. Goti lilikuwa na bei yake, bega bei yake. Walibishana mpaka kahawa ikapoa, kisha wakapeana mikono. Mjenzi mwingine kama yule hakuwepo mkoa mzima, na wote wawili walilijua hilo.

Mwaka wa kumi na saba, mwezi wa Februari, Oiva alikatwa utumbo kwa sababu ya saratani. Madaktari waliitoa ncha ya utumbo mwembamba nje, upande wa kulia wa tumbo, na kuanzia hapo choo kikawa kinaingia kwenye mfuko uliobandikwa juu ya ngozi. Reijo alikuwa na habari, maana kijiji kizima kilikuwa nazo. Hakuuliza zaidi. Wanaume wa huko hawaulizani mambo ya matumbo. Yeye alichotaka kujua ni kama mzee ataweza sauna ya mteja wa mji wa Tampere, safu kumi na mbili za magogo, iwe tayari kabla ya theluji. Oiva alisema ataweza.

Juni, Reijo akakuta safu tatu. Oiva alikuwa ameketi juu ya gogo, shoka mapajani, shati nje ya suruali, mkono ubavuni.

"Safu tatu, mzee? Tangu Mei?"

"Pananiuma, Reijo."

"Wapi leo? Goti au bega?"

"Hapa."

"Ala! Hapo ni papya. Na bei yake?"

"Sijataja bei," Oiva akasema.

Reijo akaona hiyo ndiyo mbinu kali kuliko zote alizowahi kutumiwa na mzee huyu. "Basi siongezi hata senti," akasema, akapanda gari lake, akaondoka huku anacheka.

Alirudi katikati ya Agosti. Safu ya nne ilikuwa haijafunga pembe. Oiva alifungua mlango akiwa ameshindilia taulo ndani ya shati, na harufu ikatangulia.

"Usikae karibu," akasema.

Reijo akamtazama vizuri. Mtu anayekuuzia maumivu hukukodolea macho aone kama umenunua. Huyu alikuwa anatazama sakafu.

"Nionyeshe."

"We si daktari."

"Nimeshauziwa magogo yaliyooza ndani, nje yamepakwa rangi. Nionyeshe, mzee."

Oiva akapandisha shati. Kuuzunguka ule mdomo mwekundu wa utumbo, ngozi ilikuwa imechubuka, mbichi, kama iliyomwagiwa maji ya moto, upana wa kisahani cha kahawa. Juu yake ilimeremeta malhamu ya manjano.

"Umepaka nini?"

"Utomvu wa msonobari na mafuta ya nguruwe. Marehemu mama aliwatibu nayo ng'ombe, akatutibu na sisi."

"Na mfuko unashika?"

"Haushiki. Unavuja mara tano kwa siku. Ukivuja unaniunguza, ukiniunguza napaka."

"Ukipaka haushiki."

"Hapo ndipo nilipo."

"Kwa muuguzi umeenda lini?"

"Aprili. Nitawasumbua kwa ajili ya ngozi tu? Wale wana wagonjwa wa kweli."

Reijo akatandika nailoni kwenye kiti cha gari, akampakia mzee. Ni mwendo wa saa mbili hadi hospitali ya mkoa. Marjukka, muuguzi wa wenye mifuko, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita boti, aliyatoa yale mafuta taratibu kwa maji ya uvuguvugu bila sabuni, Oiva ameuma meno. Kisha akampa mkasi na bamba la kunata la kushikia mfuko.

"Hebu kata kama unavyokata nyumbani."

Oiva akakata tundu la duara, safi, bila kigugumizi cha mkono. Lakini lilikuwa limezidi kwa upana wa kidole pande zote.

"Mzee Pulkka, nafasi yote hii ya nini?"

"Ya kushukia."

"Kushukia nini?"

Oiva akamwangalia kama anavyowaangalia watu wa mjini. "Binti, ukijenga kwa magogo, juu ya mlango unaacha nafasi. Mti hukauka, ukuta hushuka. Usipoacha, mlango unabanwa. Nanyi mliniambia kitu hiki kitasinyaa."

Marjukka akachukua kadi ya kupimia. "Kinasinyaa, ndiyo. Kwa hiyo unapima upya, unapunguza tundu. Hapo ulipoacha wazi pana ngozi, mzee. Kinachotoka humo kazi yake ni kusaga nyama. Sasa kimekuwa kinakusaga wewe."

Akampimia, akamwagiza. Tundu lizidi kwa unene wa ukucha tu. Unga wa dawa kidogo palipo na majimaji, uliobaki upanguswe, mafuta marufuku. Ngozi ikiwasha chini ya bamba, usingoje, bandua.

"Ningekuja Juni je?" Oiva akauliza.

"Juni ningekumalizia kwa wiki mbili."

Reijo alikuwa kwenye kiti karibu na mlango. Hakuna aliyegeuka kumtazama.

Katikati ya Septemba ngozi ilikuwa imekauka, ya waridi. Oiva akachomekea shati, akafunga mkanda, akashika shoka. Safu ya tano, ya sita, ya saba. Alipofika ya tisa, Oktoba, Reijo akaona macho ya mzee yamekuwa manjano. Saratani ilikuwa imehamia kwenye ini.

"Hili sikuuzii," Oiva akamwambia kabla hajafungua kinywa.

Alizikwa mwisho wa Novemba.

Mteja wa Tampere alishajitoa. Reijo akatafuta fundi mwingine wa kumalizia safu tatu za juu, fundi mzuri tu, lakini mwenye macho anaona mkono ulipobadilika. Sauna ikauzwa kwa bei ya chini. Oiva alipata siku thelathini na kitu za kufanya kazi akiwa ameufunga mkanda wake, na za kulala bila taulo.

Reijo, kwa mazoea, alipiga hesabu. Kuanzia ile siku ya Juni hadi Agosti ni wiki tisa. Angempeleka hospitali siku ile, mzee angekufa vilevile Novemba. Lakini angekufa sauna yake ikiwa imeezekwa.