Kibofu Kisichojaa

Kina mama waliompachika jina la Bi Subiri hawakumpa kwa mapenzi. Chumba chake cha kupigia picha za ujauzito kilikuwa mwisho wa ukumbi wa hospitali, na nje ya mlango kulikuwa na benchi ambalo kila mjamzito wa mtaa ule alilijua. Akikupima asikione kibofu cha mtoto, hata ulie vipi, atakwambia, "Kakae nje nusu saa, halafu urudi." Walimsonya, walimsema, yeye wala. Mtoto aliye tumboni hujaza kibofu, akakojoa, akajaza tena. Ukikikuta kitupu, huenda katoka kukojoa, na huenda pia hakuna kitu cha kukijaza. Ili kujua ni lipi, lazima ungoje. Kwa miaka kumi na tisa hakumruka mtu, hata mke wa daktari mkuu.

Wa kwanza kurukwa alikuwa wifi yake.

Wifi huyo, mke wa kaka yake, alikuwa amekaa miaka saba kwenye ndoa akiulizwa maswali ambayo binti wa watu hapaswi kuulizwa. Alipokuja na mimba ya wiki kumi na sita, chumba kizima kilijaa kicheko chake. Kibofu cha mtoto hakikuonekana. Lakini maji yaliyomzunguka yalikuwa tele, na kando ya uti wa mgongo vilikuwepo vivuli viwili, kimoja huku, kimoja huku.

"Figo hizo," alisema Bi Subiri. "Kibofu kitupu. Katoka kukojoa sasa hivi, hana adabu kama baba yake."

Wakacheka wote wawili. Akaandika kwamba figo zipo, ziko salama, akamwachia wifi aende zake nyumbani na furaha yake. Nani angemweka mtu wake benchini siku kama ile?

Sasa ilikuwa wiki ya ishirini na nne, saa nne asubuhi, na wifi alikuwa amelala tena kitandani.

"Tumbo limegoma kukua, wifi," alisema. "Mama anasema mtoto wa kike hujificha. Na kitanda chake kaka yako keshakipaka rangi."

Bi Subiri alipaka jeli, akaweka kifaa tumboni. Pale palipokuwa na maji hapakuwa na kitu. Mtoto alibanwa pande zote kama nguo iliyoshindiliwa ndani ya begi. Maji ya mwanzo hayatoki kwa mtoto. Lakini mimba ikisonga mbele, maji yale ni mkojo wake mwenyewe, na bila hayo mapafu hayapati nafasi ya kukua.

Akavitafuta vile vivuli viwili. Vilikuwepo, virefu, vimelala bapa kandokando ya uti wa mgongo. Hizo hazikuwa figo. Zilikuwa tezi zinazokaa juu ya figo, ambazo hulala hivyo zikikosa cha kukalia. Kila mwaka aliwafundisha wanafunzi wasidanganyike nazo.

"Kakae nje nusu saa," alisema, na sauti yake ilimtisha mwenyewe.

Aliketi akiitazama saa ya ukutani, akijua. Figo huanza mapema mno: kijimrija huchipuka kutoka chini, kikakutana na kinyama kinachokingoja, na hapo ndipo figo hujengeka na kupanda hadi chini ya mbavu. Kwa mtoto huyu havikukutana. Wakati huo hata wifi alikuwa bado anahesabu siku alizochelewa, hajui kama ni mimba. Kungoja kusingemwokoa mtoto. Kungemwepusha mama yake na wiki nane za furaha ya uongo, na furaha hiyo aliyempa ni yeye. Alijichukia.

Wifi aliporudi, kibofu kilikuwa kitupu vilevile. Bi Subiri alizima mashine, akavuta kiti karibu.

"Wifi, daktari atakuja kuthibitisha. Lakini mtoto hana figo. Hata moja."

"Wewe ulisema zipo."

"Nilisema. Nilikosea. Sikungoja."

Wifi alishika tumbo kwa mikono miwili.

"Mbona anacheza? Juzi kacheza."

"Yuko hai. Ndani yako hahitaji figo wala mapafu, mwili wako unamfanyia kila kitu."

"Anaumia?"

"Sidhani, wifi."

"Na akizaliwa?"

Bi Subiri alitikisa kichwa. "Hataweza kupumua, wifi."

Wifi alijifuta jeli mwenyewe, taratibu, akashusha gauni. Mkono aliounyoosha Bi Subiri kumsaidia aliuondoa kama mtu anayeondoa mkono wa mgeni.

"Basi usiwaambie madaktari wamtoe," alisema. "Humu ndani anaishi. Mwacheni akae."