Mjomba wa Semeni Hakuulizwa

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka mwili unanisisimka kana kwamba ndiyo kwanza inatokea. Siku hiyo mzee mmoja alikaa nje ya nyumba yetu hapa Mikumi, juu ya jiwe la kufulia, akakataa maji. Nilimpelekea kwenye kikombe cha udongo, kile cha wageni. Akakitazama, akanishukuru, akakirudisha mkononi mwangu. Wewe umezaliwa huku, unajua mgeni akikataa maji ana neno moyoni, na mpaka alitoe hapana salama kati yenu.

Nilikuwa kijana wakati huo, mke wa Selemani fundi wa malori, na nilikuwa na mtoto wa kike aitwaye Semeni. Sikumzaa mimi. Mungu hakunijalia tumbo, na nilikwisha kulia nikachoka kulia. Mama yake Semeni alikuwa mtu wa Mvumi, upande wa Kilosa, akafariki muda mfupi baada ya kujifungua. Baba yake alikuwa kibarua wa kukata miwa kule Ruhembe. Aliona hawezi kulea kitoto kichanga kwenye kambi ya vibarua, akaenda kwa afisa wa ustawi wa jamii, na afisa akatuletea sisi. Tumlee kwanza, watutazame, kisha mahakama ikiridhika tumuasili awe mtoto wetu kisheria. Baba alikubali mbele ya mashahidi. Tukaona mambo yamekwisha, imebaki kusubiri siku ya hakimu.

Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Nililea. Nilikesha na homa zake, nikamfundisha kutembea akishika kanga yangu, nikazoea kuitwa Mama Semeni mpaka jina langu la Mwajuma likaanza kunishangaza mtu akiniita. Ndipo yule mzee akaanza kuja.

Mara ya kwanza alikuja wakati wa mavuno. Alikaa ng'ambo ya njia akimtazama Semeni anavyocheza, jua lilipopungua akaondoka. Akaja tena, na tena. Kwapani alikuwa na kijimfuko cha kitambaa ambacho hakukiweka chini hata siku moja. Jirani yangu Mama Tausi, ambaye hakuna jambo lisilompita mdomoni, akaniambia, "Shoga, mfuko ule si bure. Mvalishe mtoto hirizi." Nami nikaamini, maana mtu mwenye hofu huamini lolote.

Kisha habari mbaya ikafika. Afisa alituambia kwamba ndugu wa marehemu mama yake Semeni amefika ofisini Kilosa na anapinga. Hakimu hawezi kuendelea wakati upande mmoja unapinga. Kama jambo lile halitamalizika wiki ile, Semeni atahamishiwa kituo cha watoto huko Morogoro mpaka uchunguzi uishe. Mwanangu, sijui nikueleze vipi. Nilikaa sakafuni pale pale kwenye ofisi ya watu.

Basi siku ile ya maji ilikuwa ndani ya wiki ile ile. Mzee kakaa kwenye jiwe langu, Semeni nimemfungia ndani, na Selemani anakuja mbio kutoka gereji na spana mkononi, kana kwamba mzee wa watu ni gurudumu la kufunguliwa. Mume wangu alikuwa mpole sana, Mungu amrehemu, ndiyo maana hata hasira hakujua kuishika vizuri.

Katikati ya hayo akatokea binti mmoja, Tumaini, msomi wa chuo kikuu. Alikuwa akizunguka kwenye nyumba zinazolea watoto wa wengine. Alikwisha pita Msowero na Ruhembe, anauliza kwa nini watoto wengine hukaa wakastawi na wengine hurudishwa, ili wanaotunga taratibu watunge wakijua. Mimi nilimwona kero. Nilimwambia, "Mwanangu, leo si siku ya maswali."

"Haya, mama," akasema. "Basi niruhusu nimuulize babu yule."

Sikumruhusu wala sikumkataza. Akaenda, akachuchumaa mbele ya mzee. "Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Babu, umekuja kufanya nini?"

Swali lenyewe ndilo hilo. Hata mtoto angeliuliza. Mzee alimtazama binti yule, nikaona machozi yanamlengalenga. Akasema, "Safari zote nilizokuja hapa, wewe ndiye wa kwanza kuniuliza."

Akaeleza kwamba anaitwa Kibwana, na mama wa Semeni ni dada yake wa tumbo moja. "Kwetu mtoto ni wa upande wa mama," alisema. "Mjomba ndiye anayemtoa. Baba yake ni mtu mwema, simlaumu, lakini alitoa kisichokuwa mkononi mwake."

Selemani akauliza, "Kwa hiyo umekuja kumchukua?"

"Nimpeleke wapi? Mimi mgane, na mama yangu haoni tena. Nimekaa hapo ng'ambo nimeona anavyokula, nimeona anavyocheka. Sikuja kumchukua, baba. Nilikuja niulizwe, nipate kukubali."

Tumaini akamuuliza mbona ofisini alisema anapinga. Mzee akatikisa kichwa. "Walinitaka niseme nakubali au napinga. Nikawaambia, mimi sikuulizwa. Wakaandika napinga."

Miezi yote ile nilimwogopa mtu aliyekuwa akija kunipa mtoto. Babu yangu aliletwa hapa kukata mkonge Kimamba, babu yake Selemani alikuja na reli. Sisi kwetu ukoo ni wa baba, na afisa naye alitoka mkoa mwingine ambako ni hivyo hivyo. Hakuna aliyekuwa mwovu. Kila mmoja alidhani kwao ndiko kila mahali. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na sisi tulikuwa tumekaa juu ya nchi ya watu, tunakula mahindi yake, wala hatujauliza wanahesabianaje watoto.

Mzee Kibwana alitukemea. Hakupaza sauti. "Mmekwenda kwa afisa, mmekwenda kwa hakimu, mmekwenda kwa baba. Kwa mama hamkwenda. Dada yangu amekufa, ni kweli, lakini hakufa na watu wake wote."

Selemani akaweka spana chini. Akakaa mchangani, fundi mzima na ovaroli lake la grisi, akasema, "Mjomba, tunamwomba Semeni." Nami nikakaa pembeni yake nikasema hivyo hivyo. Sikuwahi kuomba kitu maishani kama nilivyoomba siku ile.

Ndipo mzee akafungua ule mfuko. Ndani mlikuwa na unga wa mtama, basi. Ule unga ulikuwa wa tambiko la kumtolea mtoto kwa walezi wake, na alikuwa ameubeba tangu safari ya kwanza, akiubadilisha kila ukiharibika. Aliomba maji kwenye bakuli, akakoroga unga kidogo, nikamtoa Semeni nje. Akachovya vidole akamgusa kwenye paji la uso, akanigusa na mimi, kisha akaanza kutaja majina. Alitaja la dada yake, la mama yao, la mama wa mama yao, akaendelea kurudi nyuma, mwanamke baada ya mwanamke, kwa lugha ya kwao, mpaka nikahisi uwanja wetu umejaa watu. Mimi nyuma ya babu yangu wa mkonge simjui mtu. Na huyu kitoto niliyedhani hana kitu duniani ila mimi alikuwa na wanawake wote wale nyuma yake. Nililia kwa kustaajabu, si kwa huzuni. Mzee alipomaliza alisoma Fatiha, sote tukaitikia amina, akaomba maji akanywa.

Mjomba alitoa masharti mawili tu. Semeni aambiwe ukweli tangu utotoni, maana mkataa kwao mtumwa, na mtu hawezi kukataa wala kukubali kwao asipokujua. La pili, kila mavuno aletwe Mvumi bibi yake ampapase uso. Hakimu alipoyasikia hayo alitukabidhi Semeni bila ubishi.

Tumaini hakuishia hapo. Alikwenda Mvumi, akarudi Msowero, akawatafuta watu wazima waliolelewa na wasiowazaa, akawasikiliza. Kisha akaomba maafisa wa ustawi wakutane Kilosa mjini, nami na Mzee Kibwana tukaitwa. Binti yule hakutoa hotuba. Alisoma walichomwambia watu, kwa maneno yao. Mmoja alisema alilelewa vizuri kwa chakula na nguo, lakini siku ya ndoa yake alikosa mtu wa kumuuliza jina la mama yake. Mwingine alirudishwa baada ya ndugu kugombana, wala hadi leo hajui waligombania nini. Mzee Kibwana akasimama akasimulia yake. Alipofika kwenye lile la "wakaandika napinga", afisa mmoja mwenye mvi akaweka kalamu mezani akauliza, "Sisi hapa tumewaandika wangapi hivyo?" Tangu hapo, mtoto akitaka kutolewa upande wetu huu, wanauliza kwanza kwao ni nani mwenye neno, na wanakwenda kukaa naye.

Nimeruka jambo moja, mwanangu, makusudi kabisa. Siku ile ya unga, kabla mzee hajaondoka, Tumaini alimgeukia Semeni akamwambia, "Na wewe, una swali?" Hakuna aliyefikiria hilo. Tulikuwa tumemgombania, tumemfungia ndani, tumemlilia, tumempaka unga, wala hatukumuuliza neno. Semeni alimtazama mjomba wake, akamtazama Selemani, akanitazama mimi, akasema, "Hawa wote ni wangu?"

Sisi watu wazima tulikuwa tukiuliza mtoto huyu ni wa nani. Yeye aliuliza nani walio wake. Selemani ndiye aliyemjibu, maana mimi sikuweza: "Wote, mama. Wote ni wako."

Nasaha yangu basi ni hii. Ukitaka kulea mtoto wa mwenzio, usimfiche alikotoka kama mtu anayeficha mali ya wizi. Ukiajiriwa kwenye ofisi zinazoamua mambo ya watoto, usitosheke na mnavyohesabiana ukoo kwenu. Nenda ukae kwenye jiwe la watu uulize, kisha uvumilie mpaka jibu lije lenyewe, hata likichelewa. Anayekuja na madaftari ya utafiti usimfukuze kama nilivyotaka kumfukuza mimi, kwa kuwa sheria iliyotungwa bila kuwasikiliza waliolelewa ni nguo iliyoshonwa bila kumpima mvaaji. Na ukishawauliza wakubwa wote, inama umuulize mtoto.

Mungu akupe sikio kabla ya mdomo. Akupe watoto, wa tumbo au wa mkono, wasiokosa kwenu na wasiokosa kwao. Na siku mtoto atakapokutazama akuulize kama hawa wote ni wake, Mungu akujaalie uweze kumjibu, ndiyo. Amina.