Uwanja Uliozungushiwa Kamba

Wajukuu zangu wakiangalia picha za zamani za sherehe za kijiji, watu wameketi safu kwa safu, wametulia, huniambia, "Bibi, enzi zenu watu walikuwa na nidhamu." Mimi hunyamaza, maana nikifungua mdomo nitatukana. Nidhamu gani? Watu wale walikuwa wamezungushiwa kamba ya katani, na kila kona alisimama mgambo mwenye rungu. Nayajua hayo kwa sababu nilikuwa mbele yao, nikiimba.

Huku kwetu Bariadi ngoma haikuwa na jaji. Pamba ikishavunwa na kuuzwa, makundi mawili yalikutana kwenye uwanja mmoja, hili upande huu na lile upande ule, yakaanza kucheza kwa wakati mmoja. Watazamaji walikuwa katikati, na kila mtu alikwenda anakopenda. Ukiwachosha, wanakuhama. Unaimba huku unaona migongo ikielekea kwa mwenzako. Jua likianza kuteremka, kundi lenye watu wengi ndilo limeshinda, na hakuna aliyebisha kwa kuwa kila mtu alikuwa na macho yake.

Kwa hiyo sisi hatukuogopa kuchekwa. Tuliogopa kuachwa. Wengine walikwenda kwa waganga kutafuta dawa ya kuvuta watu, wakajipaka usoni na kwenye ngoma zao. Shangazi yangu, dada yake baba, hakuwa na imani na dawa. Aliongoza nyimbo za kundi letu la ngoma ya majembe tangu mimi sijazaliwa, na kifua kilipoanza kumsumbua akasema nafasi yake niishike mimi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Hofu ilinianza siku hiyo hiyo, na mashindano yenyewe yalikuwa bado wiki sita.

"Ukisimama pale, usitazame nyuso," aliniambia tukiwa tunachambua pamba, safi huku na chafu kule. "Mtu anaweza kukuchekea na huku anaondoka. Tazama miguu. Ukiona mguu unataka kwenda, uimbie mguu huo. Mguu ukirudi, utashangaa hofu imekwisha na hujui imekwisha saa ngapi."

Nikamuuliza, "Miguu ya nani? Watu ni wengi."

Akamtaja bibi mmoja aliyekaa karibu na lambo, mjane, ambaye kijiji kizima kilimjua kwa kigoda chake. Alikuja nacho kwenye kila ngoma, akakaa mbele kabisa. Ukimchosha hakukunja uso wala hakusema neno. Alisimama, akakipachika kigoda kwapani, akavuka kwenda upande wa pili, na nusu ya uwanja ikamfuata. Shangazi alikuwa amehamwa naye mara mbili, na mara zote mbili alirudi nyumbani akatunga nyimbo mpya.

"Huyo akikaa mpaka mwisho, wewe ni mwimbaji," shangazi alisema. "Mimi siwezi kukuambia, mimi ni shangazi yako."

Basi hicho ndicho nilichokitaka. Sikutaka zawadi. Nilitaka kujua kama bibi yule angekaa.

Halafu akaja katibu kata. Kijana nadhifu, ametoka kozi, kalamu mbili mfukoni. Kijiji chetu kilikuwa kipya, nyumba zimepangwa kwenye mistari, na mgeni mkubwa kutoka mkoani alitarajiwa siku ya mashindano. Katibu akaitisha mkutano.

"Mambo ya kugombea watu ni tabia za kibepari," alisema. "Makabaila ndio wanaogombea. Sisi ni ndugu. Safari hii kila kundi litapata watazamaji wote."

Makundi yangecheza kwa zamu. Majaji watatu wangekaa mezani na karatasi zao. Nyimbo zingepelekwa ofisini kwanza, nazo ziwe za Kiswahili ili mgeni aelewe. Na watazamaji wangeketi mpaka mwisho, ndani ya kamba, kwa ajili ya utaratibu. Wazee wakanung'unika kidogo, kisha wakanyamaza. Tulikuwa tumekwisha kuona yaliyompata aliyebisha alipoambiwa ahamie kijiji kipya.

Nitasema na la aibu yangu: nilipotoka mkutanoni, hofu ilikuwa imekwisha. Hakuna atakayeniacha, nilijiambia. Nilimkuta shangazi jikoni nikamweleza kwa furaha. Alisonga ugali wake mpaka ukaiva. Alipoipua chungu ndipo akaniuliza, "Sasa utajuaje?"

Nilidhani ni wivu wa mtu mzima anayeachia kazi. Mungu anisamehe.

Siku ilipofika, mgeni alichelewa. Watu walikaa juani tangu asubuhi mpaka saa nane, watoto wanalia, na aliyetaka kwenda haja aliomba ruhusa kwa mgambo. Mimi nilikuwa nyuma ya ghala la pamba, nikirudia maneno ya wimbo tuliopewa na katibu. Tulipoitwa, nikashika jembe langu la kuchezea. Nikaingia uwanjani, nikatazama chini kutafuta miguu kama nilivyofundishwa.

Miguu yote ilikuwa imekunjwa. Mamia ya miguu, haisemi kitu. Nikainua macho, nikaona nyuso zinatabasamu kama zilivyoagizwa. Hapo hofu ikanirudia, safari hii kubwa kuliko ile ya mwanzo, maana sikuwa na pa kuipeleka. Nikaruka ubeti mzima wa wimbo wa katibu. Wapiga ngoma wakanitazama wakidhani nimechanganyikiwa, na kwa kweli nilikuwa nimechanganyikiwa. Lakini kule mbele hakuna aliyetikisika. Nikiimba vizuri wamekaa, nikiharibu wamekaa. Nilijiona mpumbavu, na nikamchukia kila mtu aliyekuwa pale, hata wale niliokuwa nikiwaonea huruma kwa lile jua.

Tukafika wimbo wa tatu, na ndipo nikaona kigoda. Bibi yule alikuwa amesimama, mstari wa mbele kabisa, kigoda kwapani, amegeukia kamba.

Siwezi kueleza furaha niliyoipata. Hatimaye mtu mmoja alikuwa ananiambia ukweli. Nikaacha maneno ya ofisini, nikashika wimbo wa shangazi wa kupalilia, wa Kisukuma, ule unaoanza chini chini na majembe yanaitikia. Niliuimbia mguu wake wa kulia, ule uliotangulia. Sauti ilinifunguka, sijui ilitoka wapi. Mguu ukasimama. Bibi akageuza kichwa, akanisikiliza. Kigoda kikatoka kwapani, akakishika kwa mikono miwili mbele ya tumbo. Labda alikuwa anataka kukiweka chini. Labda alikuwa anakishika vizuri ili aondoke.

Mgambo akafika. Akamkamata bega, akamkalisha chini kwa nguvu, chini mavumbini, na kigoda kikaviringika pembeni. Bibi akakunja miguu kama wengine.

Nilimaliza wimbo kwa hasira, si kwa hofu tena. Laiti ningekuwa na ujasiri wa kumrushia yule mgambo jembe. Sikuwa nao. Niliimba mpaka mwisho kama nilivyopangiwa.

Tukashinda. Jaji wa katikati alisoma kwamba sauti yangu ilikuwa na moyo wa kujenga taifa. Mgeni alinipa mkono na jembe jipya, wakanisimamisha jukwaani kati ya viongozi, mimi na katibu bega kwa bega. Katibu akainua mkono na watu wakapiga makofi. Akaushusha, wakanyamaza. Makofi ya namna hiyo nimeyasikia mara nyingi tangu siku ile, na kila mara mgongo hunisisimka kwa hasira.

Njiani tukirudi shangazi aliniuliza jambo moja tu. "Alikuwa anakaa au anaondoka?"

"Sijui," nilimjibu.

Kesho yake asubuhi nikaenda mwenyewe kwenye lambo. Bibi alikuwa anafagia uwanja wake.

"Mwangaluka, mayu," nilimsalimia.

Akaitikia, akaweka ufagio haraka, akaingia ndani na kutoka na kigoda. Nilidhani atakikalia. Akaniwekea mimi, akakipangusa na kipande cha kanga yake, yeye akabaki amesimama. Mtu mzima yule, sawa na bibi yangu, amesimama mbele yangu mikono imefumbatwa. Nikakataa kukaa. Nikamuuliza nikiwa nimesimama vilevile.

"Bibi, jana, kama yule mgambo asingekushika, ungekaa?"

Akatazama barabara nyuma yangu, kuona kama nimekuja na mtu.

"Uliimba vizuri sana," alisema. "Sisi wote tulifurahi."

"Bibi, sikutumwa na mtu. Mimi nataka kujua tu. Ulikuwa unakaa?"

"Mwambie katibu," alisema, "mimi nilikaa mpaka mwisho."