Mama Kola Hajamaliza

Katika karakana ya sare kila fundi ana kipande chake cha shati: huyu mikono, yule mifuko, mwingine vifungo. Aliyekaa karibu na dirisha lisilofunguka alishona kola, tangu mabinti zake wakinyonya mpaka wakamletea wajukuu. Watu walimwita Mama Kola. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho, likipumzika.

Mafundi walikuwa na desturi moja ambayo hakuna bosi aliyeitunga: hakuna anayeacha kiti kabla mwenzake hajamaliza furushi lake. Zamani msimamizi mmoja alikuwa akimfukuza kazi anayemaliza mwisho, nao wakaamua pasiwe na wa mwisho. Msimamizi alihamishwa. Desturi haikupata barua ya uhamisho.

Nyumbani kwa Mama Kola aliishi mama mkwe wake, ambaye figo zake ziligoma. Bima ya umma, kwa mchango wa Mama Kola wa pale karakanani, ndiyo iliyomlipia kusafishwa damu, katika hospitali ambayo foleni yake huanzia nje ya geti. Mtu asidhani hapo palikuwa na mapenzi makubwa. Bibi yule hakuwahi kukisifia chakula cha mkwe wake hata kwa bahati mbaya.

Ndipo bosi akaja na wakala wa bima binafsi, kijana wa suti ya kubana, aliyetundika ukutani kitambaa cheupe cha kupigia picha za kadi. Bosi alitangaza kwamba michango ya karakana itahama kutoka bima ya umma kwenda kwenye kampuni, ila kampuni inachukua mafundi wote au haichukui hata mmoja.

"Vyumba vina kiyoyozi, mama zangu," alisema wakala. "Daktari anakuita kwa jina!"

Makofi. Fundi Vifungo alipiga kuliko wote. Aliwahi kukaa na mwanawe kwenye foleni ya umma mpaka homa yenyewe ikachoka, ikaondoka.

"Mwanangu," aliuliza Mama Kola, "na mama mkwe wangu mtampiga picha?"

"Ana umri gani?"

"Umri wa kuniudhi. Na figo zake hazifanyi kazi."

Wakala alitabasamu kama mtu anayefunga mlango taratibu usipige kelele. "Ugonjwa wa zamani hatuuchukui, mama. Na wazee... kampuni ina utaratibu wake."

"Kumbe mnatibu wazima! Hongereni, kazi yenyewe nyepesi."

Watu wakacheka. Bosi akakohoa. "Wanaokubali wasimame, waje wapigwe picha."

Hakuna aliyesimama. Usiuite ushujaa, maana Mama Kola alikuwa bado ana kola kwenye sindano. Yeye ambaye kila siku humaliza wa kwanza, leo alishona kama anayebeba kikombe kilichojaa hadi ukingoni. Akaitazama kola. Akaifumua. Akaanza upya.

"Maliza basi, dada!" alinong'ona Fundi Vifungo.

"Imepinda."

"Imepinda wapi? Naiona toka hapa, imenyooka!"

"Basi nenda. Nani kakushika?"

Fundi Vifungo akanyanyuka nusu, akabaki hivyo, amekishika kiti kwa mkono mmoja. Karakana nzima ilimtazama. "Foleni ile nusura iniulie mtoto."

"Najua. Si nilikaa nawe? Kesho twende hospitali tukawapigie kelele, mimi nitatangulia. Lakini bibi yule simtupi ili mimi nipulizwe na kiyoyozi." Kisha akapaza sauti, macho bado kwenye mshono. "Bosi akitaka anifukuze. Kola atashona mwenyewe."

Fundi Vifungo akaketi kwa kishindo.

"Lete hizo kola," alisema kwa hasira, "nikusaidie kufumua."

Wakala alisubiri mpaka suti ikalowa jasho, kwa sababu kiyoyozi chake kilikuwa bado kwenye maelezo tu. Mwishowe akakunja kitambaa. Bosi aliapa kwamba wangerudi wiki ijayo.

"Karibuni sana," alijibu Mama Kola. "Mtatukuta tunashona."

Jioni alimsimulia mama mkwe yote, hadi ile picha aliyonyimwa.

"Ningependeza," alisema bibi. Akaonja mboga, akakunja uso. "Chumvi umemwaga yote humu?"

"Kula haraka, mama. Kesho asubuhi una hospitali, na mimi nina watu wa kuwapigia kelele."