Mpaka Avuke

Jumatatu ile watoto waliingia darasani kama kawaida, wakavua viatu, wakavipanga chini ya benchi, wakaenda kukaa kwenye duara lililochorwa sakafuni kwa rangi nyeupe. Hakuna aliyewaambia. Jumatatu zote zilianza hivyo, kwa mchezo wa kunyamaza. Mwalimu husimama nje ya mlango, mahali wasipomwona, kisha huwaita mmoja mmoja kwa mnong'ono mwepesi mno, hata inabidi mtu atulize pumzi ndipo asikie jina lake. Aliyeitwa huinuka polepole, bila kugonga kitu, akamfuata.

Walinyamaza. Walikuwa ishirini na saba, wa miaka mitatu mpaka sita, migongo imenyooka. Bomba la uani lilidondosha tone, likadondosha jingine. Hakuna aliyeitwa. Walikaa hivyo muda mrefu kuliko watoto wanavyoweza kukaa, kila mmoja akidhani ni yeye tu ambaye hajasikia. Mwishowe msaidizi, aliyekuwa amesimama kando ya rafu na simu mkononi, alilazimika kusema.

"Leo Mwalimu hayupo."

"Basi tumsubiri," alijibu mmoja wa wadogo, na duara lote likanyamaza upya.

Mwalimu huyo wazazi walimpa jina la Taratibu, kwa sababu ndilo neno alilolisema kuliko mengine yote: kwa mtoto anayemimina maji kutoka jagi dogo, kwa mzazi anayemvuta mwanawe mkono getini, na kwa msaidizi wake, ambaye kwa kufanya kila kitu mbio aliitwa Spidi. "Ukiwachanganya hao wawili," walitania wazazi, "unapata mtu mmoja wa kawaida."

Alifika shuleni hapo akiwa na miaka thelathini na moja, wakati shule yenyewe ilikuwa vyumba viwili nyuma ya duka la vigae. Ilikuwa shule ya Montessori, na wazazi wengi walilijua jina tu. Walichokiona ni watoto wa umri tofauti katika chumba kimoja, kila mmoja na mkeka wake, huyu anapanga mnara wa vibao vya rangi ya waridi, yule anafunga na kufungua vifungo, na mwalimu amekaa pembeni kimya kama mgeni. "Sasa huyu anafundisha saa ngapi?" aliuliza baba mmoja, dereva wa lori. Mtaa ulikuwa wa wapangaji. Watu walihamia, wakakaa miaka miwili, wakahama, na majirani walijuana kwa rangi ya mapazia.

Taratibu ndiye aliyeanzisha Ijumaa. Siku hiyo wazazi walialikwa kukaa saa nzima darasani, kwenye viti vya watoto, bila kusema neno, watazame tu. Ijumaa ya kwanza kiti kilimng'ang'ania dereva wa lori makalioni, akainuka nacho, na nesi aliyekuwa karibu ikambidi akivute kwa mikono miwili. Watoto hawakucheka, walikuwa kazini. Wazazi ndio waliovunjika mbavu, huko nje, wameshikana mabega, na ndiyo siku walipoulizana kwa mara ya kwanza wanakaa wapi. Mwaka ulipoisha, fundi wa friji alikuwa akimtengenezea nesi friji, nesi akiwaangalia pacha wa mshona nguo, na mshona nguo, ambaye wote walimwita Mama Pacha, akitunza ufunguo wa nyumba ya dereva kila alipokuwa safarini. Miaka ilipita, watoto wao wakamaliza, lakini wao hawakuacha kuja. Dereva sasa analeta mjukuu.

Jambo lake la pili lilikuwa kwenda nyumbani kwa kila mtoto kabla hajaanza. Alikaa sakafuni, hata kama kulikuwa na kochi, akamwambia mtoto, "Nionyeshe kitu kimoja unachoweza kukifanya mwenyewe." Mmoja alikunja shuka. Mwingine aliosha kikombe kilichokwisha kuoshwa. Na mlangoni, alipokuwa akivaa viatu vyake, mama wa kwanza kabisa aliuliza swali ambalo wote waliofuata waliliuliza: utakuwa naye mpaka lini?

"Mpaka avuke," alijibu bila kufikiri.

Kuvuka, katika shule ile, ni kumaliza miaka mitatu katika chumba kimoja na mwalimu mmoja, mtoto akaingia mdogo wa kuonyeshwa na kutoka mkubwa wa kuwaonyesha wengine. Mama yule alishusha pumzi kama aliyetuliwa mzigo. Basi Taratibu akalirudia neno lile nyumba ya pili, na ya tatu. Wazazi wakaambiana. Walimu wa kwingine huja na kuondoka, walisema. Huyu yupo mpaka avuke.

Hakuona alichokuwa akikifanya mpaka dada yake alipoanza kupoteza macho.

Dada ndiye aliyemlea. Alimsuka, alimchapa, alimsomesha, na sasa alikuwa akiishi peke yake katika mji mwingine, mwendo wa saa sita kwa basi. Ilikuwa presha ya macho. Daktari alisema amebakiwa na mwaka mmoja wa kuona, akijaliwa mwaka na miezi. Kila Jumapili mchana Taratibu alipiga simu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Unakuja lini?"

"Mwaka ukiisha."

"Mwaka upi, mdogo wangu? Na mwaka jana ulisema hivyohivyo, nilipoanza kugonga milango. Siku hizi naona katikati tu, kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Njoo nikuone, ningali nalo hilo bomba."

"Dada, nina watoto."

"Watoto wa nani? Una watoto ishirini na saba, na jioni unapasha kiporo peke yako."

Walicheka wote wawili. Simu ilipokatika, alichukua karatasi akaandika: tisa, tisa, tisa. Tisa wanaovuka mwaka huu, tisa wa katikati, tisa wadogo. Mwaka ukiisha tisa wanatoka, tisa wanaingia, kumi na wanane wamebaki. Aliandika mwaka unaofuata, na mwingine. Kila alipojaribu kutoka, kumi na wanane walikuwa wamekaa mlangoni. Darasa la kawaida huisha. Mwalimu hufuta ubao, akachukua mkoba wake, akaenda. La kwake halikuwa na siku ya kwisha. Kwa miaka kumi na saba lilikuwa limeyeyuka upande mmoja na kuota upande wa pili, na yeye ndani yake.

Alikwenda ofisini kwa mkuu wa shule, rafiki yake wa siku nyingi, ambaye miwani yake ilikaa zaidi juu ya paji la uso kuliko machoni.

"Mwakani usinipe wadogo," alimwambia. "Nivushe hawa nilio nao, miaka miwili, kisha niondoke bila kumdanganya mtu." Miaka miwili dada yake hakuwa nayo, lakini angalau ungekuwa mlango.

"Darasa bila wadogo? Sasa wakubwa watamwonyesha nani?" Mkuu alishusha miwani. "Si wewe uliyesimama mbele ya wazazi ukasema mkubwa hajajua kitu mpaka amwonyeshe mdogo? Watu walipiga makofi hapa."

"Basi niache niende sasa."

"Nani amekushika, shoga yangu? Mlango huo hapo. Ila utawaambia wazazi wewe mwenyewe. Mimi sina uso huo."

Ni kweli, hakuna aliyemshika. Angeshikwa angejinasua.

Mkuu, kwa nia njema, aliwadokeza wazazi kwamba Mwalimu amechoka. Jumamosi iliyofuata walimjia nyumbani na ndoo za rangi. Dereva wa lori alipanda ngazi, fundi wa friji akachanganya saruji, nesi akakwangua dirisha, Mama Pacha akaja na mapazia aliyoyashona mwenyewe. "Ili usituchoke, Mwalimu!" walisema. Alisimama uani na birika la chai, akawatazama wakiziba nyufa za ukuta, moja baada ya moja, mpaka haukubaki hata ufa wa kupitisha ukucha. Walipoondoka harufu ya rangi ilimkaba, akafungua madirisha yote, na bado alihisi hewa haitoshi.

Mwaka mpya ulipoanza alipiga moyo konde. Atawatembelea wale wadogo tisa, lakini neno lile hatalisema. Atasema tu, "Nitamwangalia vizuri." Nyumba nane alifaulu. Mama mmoja alimkazia macho kidogo, akasubiri, kisha akamuaga.

Nyumba ya tisa ilikuwa chumba kimoja juu ya karakana ya vioo. Aliyefungua alikuwa fundi wa vioo mwenyewe, kijana mwenye plasta kwenye vidole vitatu, na nyuma ya mguu wake alijificha binti wa miaka mitatu. Mama wa mtoto alikuwa ameondoka miezi mitano iliyopita. Bibi alikuja kusaidia, naye akaondoka. Dada wa kazi wawili nao walikuwa wameondoka. Taratibu alikaa sakafuni. Akasubiri. Chai ilipoa. Hatimaye binti alitoka, akachukua kiatu chake, akahangaika na kishikizo mpaka kikafungika, akamtazama.

"Taratibu hivyohivyo," alisema Mwalimu, na akajua amepatikana.

Mlangoni fundi aliuliza. "Samahani, Mwalimu. Utakuwa naye mpaka lini?"

"Nitamwangalia vizuri."

Fundi aliitikia kwa kichwa. Hakuonyesha kuvunjika moyo, alionyesha kuzoea. "Sawa. Naelewa. Hata wengine hawakusema."

Mtoto alikuwa amekaa kizingitini, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.

"Mpaka avuke," alisema Taratibu. Aliisikia sauti yake ikishuka ngazi mbele yake.

Muhula wa kwanza ulipita. Binti wa fundi alimfuata kama kivuli, kisha akaanza kutandika mkeka wake mwenyewe, kisha siku moja akacheka. Kila Jumapili dada aliuliza lini, na kila Jumapili Taratibu alipiga chenga. Mpaka Jumapili moja dada hakuuliza. Alizungumza juu ya mvua, juu ya bomba la maji lililopasuka mtaani, juu ya jirani anayejifunza tarumbeta.

"Dada, mbona leo huniulizi?"

"Nikuulize nini?"

"Nakuja lini."

"Aa. Nilikuwa nauliza kwa ajili ya macho. La kulia limekwisha, na la kushoto nimeliachia kazi ya kuangalia sufuria zisiungue. Wewe fanya kazi yako, mdogo wangu. Siyo ugomvi."

Ingekuwa ugomvi angeuweza. Usiku ule hakulala, na alfajiri alipanda basi la kwanza. Hakumuaga mtu, kwa kuwa alijua akiaga uso mmoja tu atarudi. Alimwandikia Spidi ujumbe: *Nimekwenda kwa dada. Usiwaharakishe.*

Dada alikuwa kibarazani. Alisikia hatua, akazitambua, akamshika kidevu kabla hajaitikia salamu. "Njoo dirishani penye mwanga. Geuka. Siyo huko, huku." Aliusogeza ule uso kushoto na kulia, juu na chini, kama mtu anayetafuta stesheni kwenye redio ya zamani, mpaka ukatulia mahali ulipopatikana.

"Umenenepa," alisema. "Na umezeeka."

"Nimekuja nao, huo uzee wangu."

"Afadhali. Nilikuwa nakukumbuka msichana." Hakumwachia kidevu mpaka jua lilipohama dirishani.

Siku za kwanza simu haikutulia. Jumbe za sauti za Mama Pacha, za nesi, salamu, lawama, maombi. Aliziacha zikajaa. Fundi wa vioo hakutuma kitu. Wiki ya tatu alipokea simu moja tu, ya Spidi.

"Binti wa fundi wa vioo?" aliuliza, hata kabla ya kujuliana hali.

"Wiki nzima alikaa kando ya rafu, hakugusa kitu. Baba yake akaja, akasimama getini, hataki kuingia. Akaniuliza mimi nitakuwepo mpaka lini."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia kesho nipo. Kesho yake akauliza tena, nikamwambia kesho nipo. Mwalimu, mimi sina neno kubwa kama lako. Likinishinda je?"

"Na Ijumaa?"

"Wanajaa. Dereva wa lori ndiye anayewapanga sasa, anawanyamazisha kama askari. Hawakungoja kuambiwa. Juzi hata fundi wa vioo aliingia, akakaa nyuma."

Alikuwa amejiandaa kusikia kwamba kila kitu kimebomoka. Hili hakuwa amejiandaa nalo. Aliketi kitandani, miaka kumi na saba mapajani mwake, akajiuliza ni nani hasa aliyekuwa amezuiliwa na nani.

"Wamenichukia?"

"Mama Pacha ameapa ukirudi hakusalimii. Kisha akalia."

"Na wewe? Hujaniuliza kama narudi."

"Sikuulizi," alisema Spidi. "Wewe ukiulizwa unatoa ahadi."

Sasa anaishi kwa dada yake, nyumba ya pili kutoka kituo cha basi, katika chumba cha nyuma chenye dirisha moja. Dada haoni tena na hapendi kuachwa peke yake, kwa hiyo yeye hutoka kwenda dukani tu, na hafundishi. Mpaka lini, dada hajamuuliza, naye hajaahidi.