Upande wa Yasini wa Ubao

Leo alasiri, hapa Ujiji, nimetia udongo katika kaburi lake kwa mkono wangu mwenyewe, na bado akili yangu inadai uthibitisho.

Yasini amefariki. Homa ya siku chache tu, basi.

Tulifundisha hisabati pamoja tangu tulipomaliza chuo, katika darasa letu la twisheni pale Mwanga. Kila Jumamosi tulibishana mbele ya wanafunzi: yeye kushoto kwa ubao, mimi kulia, wao waamuzi.

Ubishi mmoja ulitushinda. Ni ule wa mfuatano wa namba ambazo vigawo vyake tasa havijirudii. Sita imo, kwa kuwa ni mbili mara tatu. Kumi na mbili haimo, kwa kuwa mbili imejirudia. Je, moja, isiyo na kigawo tasa hata kimoja, imo?

"Imo," alisema Yasini. "Asiyefika sokoni utamshtakije kwa kuiba sokoni?"

"Wala huwezi kumwita mfanyabiashara," nikamjibu.

Darasa zima likapiga meza.

Ubishi tuliuhamishia Bangwe, kwa mama anayetukaangia samaki. "Walimu wangu," akatuambia, "hiyo moja mnayoigombania itawakimbia? Kuleni, mgebuka unapoa!"

Nakiri kwamba vitabu vingi vinamuunga mkono Yasini. Nilivisoma, nikavibishia. Alicheka sana: "Wewe ndugu yangu, hata ukifungwa unadai mechi irudiwe."

Wiki iliyopita alikuja na wazo. Jumamosi hii tubadilishane pande: mimi nitetee kuwamo kwa moja, yeye atetee kutokuwamo kwake.

"Nimekuandalia hoja ambayo wewe mwenyewe hujawahi kuifikiria," akasema.

Nikamsihi anidokeze japo kidogo.

"Subiri Jumamosi, Profesa. Haraka ya nini?"

Hapo ndipo panaponiuma. Miaka yote nimeutetea upande wangu, na hoja yake iliyo bora kuliko zote imezikwa leo pamoja na mtu aliyekuwa akiupinga.

Yasini, Jumamosi nitaingia darasani. Nitasimama kushoto kwa ubao, mahali pako, niseme kwamba moja imo, na nitaitetea kwa nguvu zangu zote, kama tulivyoahidiana.

Kulia hatasimama mtu.

Safari hii nilikuwa tayari kukusikiliza mpaka mwisho.

Lala kwa amani, mbishi wangu.