Goti la Bi Sechelela na Neno Nililoliandika

Aliyehusika na ulemavu wa goti la Bi Sechelela, mtunza kumbukumbu wa masijala yetu, ni mimi, niliyekuwa Afisa Utumishi wa idara. Mkurugenzi alishauri, mkono ulioandika ni wangu. Natanguliza hilo ili asitafutwe mwingine.

Kazi niliianzia Kondoa. Siku ya kwanza Afisa Tawala, mzee mkali aliyefunga tai hata siku za vumbi, alinikabidhi jalada akasema, "Kijana, mtumishi akidanganya utambana kwa maswali. Jalada likidanganya, utalibana nani?" Nilihamia Mpwapwa, kisha Dodoma mjini, nikisifiwa kwa usahihi. Karani aliyekosea folio, yaani namba ya ukurasa ndani ya jalada, alinikoma.

Ikaja michezo ya watumishi. Bi Sechelela ndiye aliyeshika mkia wa kamba katika timu yetu ya wanawake ya kuvuta kamba. Kwenye nusu fainali alikita miguu, akavuta, tukasikia mlio kama wa ubao unaopasuka. Akaanguka. Kilegesambwa, kile kifupa cha mbele ya goti, kilikuwa kimepanda juu, na kisigino hakikunyanyuka.

"Bosi, mguu haunitii."

"Acha kudeka, Sechelela, fainali ni Ijumaa," nilimjibu, na watu wakacheka. Wenzake wakamchua kwa maji ya moto.

Mkurugenzi aliniita pembeni. "Tukiandika ameumia kazini, tutaulizwa kwa nini uwanjani hapakuwa na mganga. Utaandika nini?"

"Mshtuko wa misuli, Mkurugenzi."

"Basi andika."

Nikaandika. Badala ya barua ya kumpeleka hospitali, nikampa mapumziko ya siku tatu.

Baada ya wiki kadhaa alikwenda hospitali mwenyewe, kwa fimbo. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alinieleza nilichopaswa kuuliza mapema: kano ni ukanda mgumu unaofunga kilegesambwa kwenye mfupa wa muundi. Ikikatika kabisa, kuchua hakuiungi. Hushonwa mapema, kabla ncha zake hazijasinyaa. Yeye alishonwa kwa kuchelewa. Mguu ukafungwa ukiwa umenyooka, ikafuata miezi ya kukaza paja, kukunja goti kidogo kidogo, kujifunza ngazi upya. Alifanya yote bila kukosa. Goti halikurudi lote.

Siku ya kuagwa kwangu nilipostaafu nilikutana naye kwenye ngazi, akipanda kiubavu.

"Shikamoo bosi. Ule mshtuko wako bado haujaniisha."

Nilimpisha apite. Saa moja baadaye nilisifiwa ukumbini kwa utunzaji bora wa kumbukumbu, nami nikapiga makofi pamoja na wenzangu.

Sasa naishi Ipagala. Juzi alinipigia simu: ameomba kuhamishiwa ofisi ya ghorofa ya chini, amekataliwa. Jalada lake halionyeshi jeraha.

Kwa hiyo nadai rasmi: jalada lisahihishwe, lisomeke kwamba kano ya goti lake ilikatika akiwa kazini, ahamishiwe chini bila kuombwa ushahidi mwingine, na mimi pamoja na Mkurugenzi wa wakati huo tuitwe mbele ya kamati, Bi Sechelela akiwa ameketi, sisi tukiwa tumesimama, tujibu.